Saa ya Mtoto Haikatizwi: Wasifu wa Marehemu Bi. Sally Cheptoo Maritim, 1943–1998

Jumamosi, tarehe 6 Februari 1993, darasa la kwanza la tiba ya watoto kwa njia ya mchezo lilianza saa tatu kamili asubuhi katika ukumbi wa kanisa karibu na soko la Chepilat. Siku hiyo lilipangwa liende hadi saa kumi jioni. Lilivunjika saa tano kasorobo. Wanafunzi watatu kati ya wanane walikuwa wametoka nje, na mwalimu wao alibaki amekaa sakafuni, kando ya sanduku la mchanga. Mwalimu huyo ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu Sally Cheptoo alizaliwa mwezi wa Aprili 1943 karibu na Ndanai, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Arap Bii na Mama Rael. Siku yenyewe haikuandikwa, ila Mama Rael alisema ilikuwa wiki ya kwanza ya mvua ndefu. Alipokuwa mdogo alipewa kazi ya kufukuza ndege katika shamba la ulezi. Jioni moja baba yake alimkuta amefinyanga zizi zima la ng'ombe wa udongo, huku ndege wakiwa wameshiba. Mzee akasema, "Hawa ng'ombe wako ndio wamemaliza wimbi yangu." Hakumchapa. Alichukua fahali mmoja, akamweka juu ya dirisha, na hapo alikaa hadi alipopasuka.

Alianza shule mwaka wa 1950, akaendelea na shule ya kati ya bweni ya wasichana kuanzia 1955 hadi 1958. Mwaka wa 1960 alijiunga na mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya misheni, akahitimu mwaka wa 1963. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika wadi ya watoto ya hospitali hiyo, akatumikia hapo kwa miaka ishirini na mitano.

Tarehe 18 Desemba 1965 alifunga ndoa kanisani na Bw. Bethwel Maritim, mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa. Mungu aliwajalia watoto watano. Bw. Bethwel alimheshimu sana mke wake, lakini hakuzoea kumwona mtu mzima, tena mama wa watoto, amelala kifudifudi sebuleni akisukuma lori la makopo na wajukuu.

"Bot Kipruto," alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao, "wageni wakikukuta hapo chini nitawaambia nini?"

"Waambie nimeanguka."

Baadaye ni Bw. Bethwel huyo huyo aliyeranda mbao na kutengeneza masanduku yote ya mchanga yaliyotumiwa katika madarasa yake, kila moja likiwa na pembe zilizosuguliwa ili zisichome mkono wa mtoto.

Marehemu alipenda kueleza ni wapi kazi yake ya pili ilianzia. Mwaka wa 1986 alilazwa wadini mtoto wa miaka mitano aliyeungua kwa uji. Alikataa chakula na hakutaka kuguswa. Marehemu, kwa kukosa la kufanya, alimwachia ndizi na kipande cha bendeji. Mtoto aliifunga ndizi ile, akaidunga sindano kwa njiti, kisha akaikaripia, "Nyamaza! Wewe ni mkubwa, unalia nini?" Wauguzi walicheka. Marehemu hakucheka, kwa sababu alitambua kwamba maneno yale yalikuwa yao wenyewe. Kuanzia siku hiyo aliamini kwamba mtoto husimulia kwa mikono yake yale ambayo mdomo wake hauwezi, na kwamba kazi ya mtu mzima ni kukaa karibu na kutazama bila kumharakisha. Mwaka wa 1989 aliomba ruhusa ya kwenda Nairobi kwa mafunzo ya ushauri nasaha na tiba ya mchezo. Alirejea baada ya miezi kumi na minane.

Kisha yakaja machafuko ya mwaka wa 1992 mpakani kati yetu na Wagusii. Hayahitaji kusimuliwa hapa, kwani wengi waliopo waliyaona, na kila upande wa barabara inayotutenganisha una makaburi. Watoto wa pande zote mbili walianza kuletwa kwake: waliokojoa kitandani wakiwa na miaka kumi, waliokimbilia chini ya meza waliposikia bati likigongwa, na wengine ambao hawakusema lolote. Alijua kwamba peke yake hangewafikia. Pia alijua kwamba mtoto wa Mgusii hangecheza mbele ya mtu asiyeelewa lugha ya mama yake. Ndipo akaamua kufundisha wengine, na wawe wa pande zote mbili, katika chumba kimoja. Aliambiwa nyumbani kwamba anawapelekea ujuzi watu wa ng'ambo. Aliendelea kuandika barua za mwaliko.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna atakayeketi na mtoto kabla yeye mwenyewe hajakaa saa nzima katika nafasi ya mtoto. Siku ile ya Februari, Bi. Mellen Atuti, mwalimu wa chekechea aliyekuwa amechomewa nyumba, alikaa katika nafasi ya mtoto. Bi. Chepkurui, muuguzi msaidizi kutoka upande wa Sotik, alikaa kama mtabibu. Wote wawili wako hapa leo, na yafuatayo yamesomwa kwao na kuruhusiwa.

Bi. Mellen alijenga nyumba mchangani kwa maganda ya kiberiti, akaweka vifuniko vya soda kuwa masufuria. Kisha akaipiga kwa kiganja, ikasambaa. Bi. Chepkurui, kwa huruma, aliinama haraka na kuanza kuijenga upya.

"Pole, dada, wacha nikurudishie."

"Mlibomoa, sasa mnajenga mbio mbio ndio nisahau?" Bi. Mellen alisimama, na wenzake wawili wa upande wake wakasimama naye.

Marehemu alimwambia Bi. Chepkurui maneno machache tu: "Hukumkosea kwa ubaya. Lakini ile ni nyumba yake. Usimjengee."

Iwapo Bi. Mellen hangerudi, wale wawili hawangerudi, na watoto wa upande ule wangebaki bila mtu. Marehemu alilifahamu hilo vizuri. Siku ya Jumatano alivaa kanga ya kanisani, akavuka barabara kwa miguu, njia ambayo watu wa kwao hawakuwa wameipita kwa miezi mingi, akabisha kwa Bi. Mellen. Vijana waliokuwa wakichanja kuni waliacha kazi wakamtazama.

"Sista, umekuja kuniomba msamaha kwa niaba ya watu wako?" Bi. Mellen alimuuliza kabla hata ya kumpa kiti.

"Hapana, Mwalimu. Hiyo siwezi kuibeba peke yangu. Nimekuja kwa sababu saa yako haijaisha. Saa ya mtoto haikatizwi."

"Na yule?"

"Atakuwepo. Nimemwambia akalie mikono yake."

Bi. Mellen anasema alitaka kukasirika, lakini alicheka kabla hajajizuia, na baada ya kucheka ilimbidi apike chai.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na wenzake wakarudi. Bi. Chepkurui alikuwa tayari ameketi juu ya mikono yake. Bi. Mellen alijenga nyumba akaiangusha, akajenga tena akaiangusha.

"Imeanguka," alisema Bi. Chepkurui.

Mara ya tatu alisema, "Imeanguka tena. Na hakuna aliyekuja."

"Hata wewe hukuja," akasema Bi. Mellen.

"Hata mimi sikuja."

Marehemu hakuingilia kati. Bi. Mellen alipitisha vidole mchangani, kisha akasema, "Haya, toa mikono, dada. Itakufa ganzi." Darasa hilo, lililokutana kila Jumamosi, lilimalizika mwezi wa Novemba likiwa na wanafunzi wote wanane.

Madarasa mengine mawili yalifuata, 1994 na 1996, na jumla ya waliohitimu mikononi mwake ni thelathini na mmoja: wauguzi, walimu, wahubiri, na makarani wawili wa mashamba ya chai. Wanasesere walishonwa kwa mabaki ya sare za shule, mshono ukiwa ndani ili usifumuke, na nyuso ziliachwa bila mdomo wala macho ili kila mtoto aamue mwenyewe kama mwanasesere wake analia au anacheka.

Vijana waliobalehe walimpa kazi zaidi. Mwalimu Phelix Oketch, mwanafunzi wake aliyefundisha shule ya upili karibu na Sigowet, alimuuliza, "Mama, kijana wa kidato cha pili nimpe mwanasesere? Si atanicheka mpaka tufunge shule!"

"Akucheke. Kisha umwambie achague mchezo anaoupenda, na ukubali kushindwa."

Mwalimu Oketch anashuhudia kwamba ameshindwa drafti na vijana wengi wa eneo hili, na kwamba mengi aliyoambiwa aliambiwa wakati kijana anakula kete zake.

Mwezi wa Julai 1997 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Tarehe 30 Agosti mwaka huo aliwaita Bi. Mellen na Bi. Chepkurui nyumbani, akawakabidhi kazi ya kufundisha, wote wawili kwa pamoja. Alitibiwa Nairobi mara tatu. Sauti yake ilipopungua, alizungumza kwa mikono na kwa macho, wala hakulalamika. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani waliochuma chai yetu bila kuombwa, na wageni waliovuka kutoka upande wa pili kumwuguza zamu kwa zamu. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 22 Oktoba 1998, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, Bw. Bethwel Maritim, watoto wake Kipruto, Chepngeno, Kipyegon, Chepkemoi na Kibet, wakwe watatu, wajukuu tisa waliomwita Kogo, dada zake wawili na kaka mmoja. Tunamshukuru Mungu kwa miaka hamsini na mitano aliyotuazima. Amlaze sasa kwa utulivu, bila maumivu.

Kwa ombi la Bi. Mellen Atuti, jambo moja limeongezwa. Mwezi wa Agosti 1998, mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa kazi hiyo, binti yake wa miaka saba aliacha kuzungumza kufuatia kifo cha baba yake. Bi. Mellen alimshika mkono hadi mlangoni pa Bi. Chepkurui, akamwachia mtoto huyo, naye akangoja nje kwenye benchi.