Uani kwa Mama Bata

Mwaka 2011, jirani yake wa ukuta wa kushoto, fundi cherehani, aliutangazia mtaa mzima kwamba marehemu ana mimba. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na minne, mjane wa mwaka wa nane, na mwanawe wa mwisho alikuwa ameshaota ndevu. Fundi yuko hapa leo, na ametoa ruhusa jambo hili lisomwe. Ila ameomba iongezwe kwamba mtu yeyote mwenye macho angefikiri hivyo hivyo.

Ni kweli, dalili zilikuwepo. Karibu wiki nzima marehemu alitembea ameshika tumbo. Kitu kikianguka hakuinama, alimwita mtu aje aokote. Ndoo hakubeba. Kukaa kitini alijishusha taratibu huku akipumua kwa mdomo, na asubuhi alikwenda kazini kwa mwendo wa bibi harusi. Fundi akaona hapana, mwenzao atadhalilika peke yake na hali watu wapo. Akawachukua akina mama wawili wa mtaa, Jumamosi saa nne asubuhi wakapiga hodi.

"Dada, tumekuja kwa wema," fundi alianza. "Hatukuja kuuliza ni ya nani."

"Nini ya nani?"

"Si nimesema hatuulizi?"

Hapo hapo tumbo la marehemu likalia. Lililia kwa sauti nyembamba, pii, pii, likanyamaza, likalia tena. Mmoja wa wale akina mama alitoka mbio, viatu alivifuata kesho yake. Marehemu akafungua kitambaa alichojifunga, akatoa yai la bata lenye tundu, na kwenye lile tundu kuna mdomo mdogo unachungulia.

Alikuwa amekosea. Kuku wake mmoja alikuwa anaatamia, akamwekea mayai ya kuku na ya bata siku moja. Ya kuku huanguliwa baada ya siku ishirini na moja, ya bata ishirini na nane. Mwenye kujua huanza na ya bata, wiki ikipita ndiyo anaongeza ya kuku. Vifaranga vya kuku vilipotoka, mama yao aliondoka navyo kwenda kuvifundisha kuparua, mayai matano ya bata yakabaki yanapoa. Marehemu akayafunga tumboni mwake akayabeba siku saba, nyumbani na kazini. Vikatoka vifaranga vinne. "Kosa lilikuwa langu," alisema. "Wao wafe kwa sababu gani?" Tangu siku ile akaitwa Mama Bata, na mwisho hata watoto wake wakasahau kumwita vingine.

Mama Bata alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa mlinzi wa ghala na mkewe. Walikaa chumba kimoja kilichotazamana na ukuta wa karakana ya reli. Uani hawakuwa nao. Mama yake alikuwa na debe moja la vitunguu vya majani pale dirishani, na kazi ya marehemu ilikuwa kuligeuza kila asubuhi ili kila upande upate jua. Kazi hiyo aliipenda kiasi kwamba aliwapiga ndugu zake waliojaribu kumsaidia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya zahanati, akamaliza la saba mwaka 1971. Hesabu zilimsumbua. Bustani ya shule haikumsumbua, na akiwa darasa la tano mwalimu wa kilimo alimkabidhi ufunguo wa stoo ya majembe. Nafasi ya kuendelea na masomo nyumbani kwao ilikuwa moja tu, akapewa kaka yake. Hakuwahi kusema kwamba iliuma. Lakini mjukuu akisoma kitabu kwa sauti, marehemu aliacha alichokuwa anafanya akasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa.

Tarehe 1 Februari 1976 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hapo alifanya kazi miaka thelathini na sita, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012. Alianza kwa kukamua mashuka kwa mikono, akaishia kuwa msimamizi wa mashine za kukaushia. Wenzake waliokuja leo wanakumbuka kwamba hakuruhusu shuka lenye doa lirudi wodini. "Mgonjwa akiona doa la mwenzake ataanza kujipima nalo," aliwaambia. Sabuni zilimbabua ncha za vidole, na kila jioni alikwenda moja kwa moja kuichimbia mikono kwenye udongo, akisema anairudishia rangi yake.

Ndiko huko kwenye chumba cha kufulia, au kufuani kama walivyopaita, alikopata mume. Mwaka 1978 bomba la maji ya moto lilivuja, akaja fundi bomba kijana, mwembamba, asiye na maneno mengi. Alilitengeneza Jumatatu, Jumatano likavuja tena. Alipokuja mara ya sita, wanawake wa kufuani wakamuuliza, "Kaka, hilo bomba linavuja au unalivujisha?" Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979, na wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1986 walihamia katika nyumba ambayo wengi wenu mmeijua. Ina vyumba vitatu na jiko, na nyuma uani wa hatua kumi na nne kwa tisa, ambao siku hiyo ulikuwa umejaa vifusi na chupa zilizovunjika. Walichambua vipande vya chupa kwa miezi minne. Mumewe akalikata bomba la bafuni lisiende mtaroni, maji yakapita kwenye pipa la kokoto na mchanga, yakaishia kwenye mipapai. Wageni wa nyumba hiyo waliambiwa, "Ukitaka papai, nenda kaoge." Mume huyo alifariki tarehe 4 Agosti 2003. Mkewe hakulia sana mbele za watu. Alichimba matuta mapya matatu mwezi ule, moja baada ya jingine, na watoto wakajua wasimkataze.

Uani ule ulimlisha yeye na wengine. Spinachi na mchicha vilikuwa kwenye matuta, bilinganya kwenye matairi, pilipili kwenye beseni lililotoboka, na vitunguu kwenye sinki la zamani la hospitali ambalo hadi leo haijulikani lilitokaje getini. Kuku walikuwa chini ya banda la sungura, mbuzi wa maziwa pembeni, na mbolea yao wote ilirudi kwenye mboga. Dukani alinunua chumvi, mafuta, sukari na unga. Alipika kwa sufuria mbili tu. Harufu ya kitunguu chake ikianza kukaangwa, fundi cherehani alizima mashine yake, akakumbuka kwamba ana jambo la kumuuliza jirani.

Mkamwana wake, mke wa kitindamimba, aliingia nyumba hiyo mwezi Septemba 2019. Alikuwa amelelewa na shangazi aliyenunua chakula barabarani, na alichojua kupika ni chai na mayai. Sura ya mama yake mzazi hakuikumbuka. Siku ya tatu aliambiwa akachume spinachi, akarudi na mche mzima, mizizi na udongo. Akasimama mlangoni akijua ameharibu, machozi yako karibu.

Mama Bata aliutazama ule mche. "Mwanangu, nilikutuma maziwa, umeniletea ng'ombe."

Kisha akacheka hadi akashika ukuta. Akamwongoza uani, akamwonyesha jani la nje la kuvunja na jani la ndani la kuacha, akaurudisha ule mche ardhini. Ulinyong'onyea siku mbili, ukashika. Kila asubuhi baada ya hapo wakawa wanatoka pamoja, mmoja na ndoo, mwingine na kisu, hawasemi mengi. Mkamwana alijifunza kumshika mbuzi bila kumtisha, na kuujua mchuzi uliokaribia kuungua kwa kuusikiliza. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumfundisha kitu kwa kurudia mara tatu bila kupaza sauti.

Tarehe 17 Aprili 2021 mkamwana huyo alijifungua mtoto wa miezi saba, wa kilo moja na gramu mia nne. Yeye mwenyewe alikuwa hajiwezi. Nesi akatafuta mtu wa kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Akaanza kumweleza Mama Bata namna ya kumweka.

"Nilishafanya hii," Mama Bata alimwambia huku akifungua vifungo. "Ila wale walitoka na manyoya."

Alimbeba siku kumi na tisa, wakipokezana na mama yake alipopata nguvu. Mtoto huyo sasa ana miaka mitatu na anagombana na bata.

Mwezi Februari 2024 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Daktari alisema ni moyo umechoka. Akapewa dawa, akakatazwa chumvi na kubeba vitu vizito. Chumvi aliacha. Mwezi Juni watoto wake walikaa kikao sebuleni. Binti mkubwa, ambaye ni karani, alitaka mama ahamie kwake, ghorofa ya tatu, karibu na hospitali. Mtoto wa pili, dereva wa lori, alisema wanyama wauzwe na uani usakafiwe, vijengwe vyumba viwili, mama apate hela za dawa bila jasho. Yote yalisemwa kwa mapenzi, na hakuna aliyekosea.

"Na mbuzi," Mama Bata akauliza, "atapanda ngazi au kuna lifti?"

Wakacheka, lakini jambo halikuisha. Mkamwana alikuwa jikoni anaosha vikombe, na kikombe kimoja alikiosha muda wote wa kikao. Uani ukisakafiwa, maziwa ya mtoto wake yangekwisha, na pale mahali ambapo kila asubuhi alikuwa na mama pangebaki saruji. Lakini yeye ni mtu wa kuolewa, na wale ni watoto wa nyumba. Wakakubaliana kwamba mama mwenyewe ndiye atasema uani uwe wa nani na ufanywe nini. Kila walipomuuliza, miezi mitatu, aliwajibu, "Mimi si nipo?"

Mwezi Agosti alianza kulisimamia shamba lake akiwa kwenye kiti cha mbao, akielekeza kwa fimbo. Mwezi Septemba kiti kikahamia dirishani. Alilazwa hospitalini siku nane, akaomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Alifariki dunia Jumatano, tarehe 2 Oktoba 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu alikataa lifungwe.

Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha jirani mmoja ambaye tangu Jumatano hajawasha cherehani. Ameacha pia mbuzi asiyekubali kukamuliwa na mgeni, kuku kumi na mmoja, sungura sita, na bata ambao idadi yao hutegemea nani anahesabu. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, na wenzake wa kufuani walioleta mashuka meupe yasiyo na doa hata moja. Mwenyezi Mungu amlaze pema, yeye ambaye hakuzoea kulala jua likiwa juu.

Limebaki jambo moja, na watoto wake wamekubaliana lisomwe ili kila mtu asikie. Jumapili, tarehe 29 Septemba, saa kumi jioni, walikuwa wote chumbani kwake. Binti mkubwa alimshika mkono akamuuliza kwa upole, "Mama, tufanyeje na uani?"

Mama Bata aliwapita wote kwa macho mpaka akamwona mkamwana, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Mwanangu, miche ya nyanya iko kitaluni, imefika kimo. Ikikaa wiki nyingine itarefuka bure."

"Nitaihamisha, mama. Niipeleke tuta gani?"

"Uani wako, unaniuliza mimi?"

Yule dereva wa lori akatazama chini, kisha akaitikia kwa kichwa. Binti mkubwa akasema, "Tumesikia, mama." Mkamwana akamkabidhi mumewe bakuli la uji. Mama Bata akamwashiria asogee, akamshika kifundo cha mkono, na kusema hivi:

"Ila usiihamishe juani, itakufa. Mkinizika mchana, subiri jua lipoe, watu wakiwa wanakula, ndiyo uende. Mimi nitakuwa nimeshapata udongo wangu, nayo ipate wake. Nakuomba iwe jioni hiyo hiyo, mwanangu. Usingoje wageni waondoke."