Sangara Aliyepumua Mkononi

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Julai 1995, msimu ambao Bariadi ilijaa malori ya wanunuzi binafsi wa pamba. Kwenye benchi la Milembe, muuza kahawa wa karibu na stendi, walikuwapo Athanasi, tuliyemwita Mizani kwa sababu alikipimia pamba chama cha ushirika kwa miaka kumi na minane, na Joakim, tuliyemwita Bunge kwa kuwa hakupitisha neno bila kulijadili. Mimi nilikuwa nimemsindikiza mjomba wangu Shija, mdogo wa mama, mvuvi wa Lamadi aliyekuwa amekuja kututembelea. Juma lililotangulia alimwongoza Mzungu mmoja kuvua kwa fimbo kwenye maji mafupi ya matete. Sasa Mzungu alimtaka tena Jumamosi alfajiri. Gari la Lamadi lilikuwa linapakia, na mjomba alikuwa hajaamua.

— Rudia habari za ule uzi wa fimbo, alisema Mizani.

— Mwembamba kama unywele, alisema mjomba. Ukiuinua juani, huuoni.

— Na sangara?

— Nikimsimamisha, ananifika kifuani.

— Na uzi haukukatika?

— Haukukatika. Samaki akivuta, Mzungu analegeza. Akichoka, Mzungu anakusanya. Mimi nasukuma mtumbwi kwa upondo, polepole, namfuata. Tangu jua linachomoza mpaka limepanda.

Bunge aliweka kikombe chini.

— Ndiyo maana wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hakuinama, Bunge, alisema mjomba. Alisimama tu.

— Endelea, Shija, alisema Mizani.

— Akamvuta mpaka ubavuni mwa mtumbwi, akamshika mdomo, akamwacha humo humo majini. Samaki akawa anapumua mkononi mwake. Mashavu yanafunguka, yanafungika. Miaka ishirini sijaona kitu kama kile. Nikachukua rungu, nikampiga kichwani.

— Sawa kabisa, alisema Mizani. Angewapindua.

— Mzungu akakaa chini, akashika kichwa. Tulipofika nchi kavu dereva wake akanieleza: alitaka kumwachia. Na kesho ni hivyo hivyo. Nikipiga tena, kazi basi.

Milembe aliacha kumimina.

— Amwachie aende wapi?

— Ziwani, mayu, mama yangu.



— Huyo anapima, alisema Mizani. Akishajua uzito, anawaandikia wenye viwanda vya minofu.

— Amepima na nini? Hana hata mzani, alisema Bunge. Huu ni ubinafsishaji. Ziwa limeshauzwa, mwenyewe anakagua mali. Mali huli kabla hujakabidhiwa.

— Anakagua ziwa zima kwa fimbo? Mmoja mmoja?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wamempa fimbo.

— Basi ni wakala, alisema Mizani. Kama hawa wa pamba. Samaki wa kwanza anamtendea vizuri, akawaambie wenzake. Keshokutwa sangara wote wako kwenye matete, wamepanga foleni.

— Na kila mmoja na kitambulisho chake, alisema Milembe.

Mjomba hakucheka.

— Baba alituonya. Alichokupa ziwa ukikirudisha, umelitukana, na halikupi tena. Mzungu ataondoka. Mimi na watoto wangu tunabaki na ziwa lile lile.



Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mtu mwenye fimbo ya kuchungia. Alikuwa ametusalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, akanywa vikombe viwili. Alisema anaitwa Salu, ametoka Bukundi, ameleta maksai mnadani.

— Samahani, ndugu zangu. Mimi ziwa sijawahi kuliona. Ng'ombe ukimfungua kamba, yupo anayekimbia, na yupo anayesimama kwanza akakuangalia. Samaki akiachiwa, anaondokaje?

Mizani alimtazama Bunge. Bunge alimtazama mjomba.

— Jibu, Shija. Wewe ndiye mvuvi.

Mjomba alifungua viganja vyake viwili juu ya magoti.

— Sijui, alisema. Nimewatoa majini sijui wangapi. Sijaona hata mmoja akiondoka.

Dereva wa Lamadi alipiga honi. Mjomba akasimama.

— Niagie kwa mama yako, aliniambia. Kesho rungu nitaliacha nyumbani.