Mkaguzi Aliyeipaka Damu Yake Chokaa

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bila Taarifa, nanyi mnivumilie nikisita, maana kusoma mbele za watu ilikuwa kazi yake siku zote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, na baada ya miaka sita ya kufundisha hesabu akateuliwa kuwa mkaguzi wa shule, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2016. Jina lile alilipata kwa kuingia shuleni bila kutanguliza barua, kwani alichukia kuta zilizopakwa chokaa jana yake, madawati ya kuazima na watoto waliokaririshwa majibu, wala hakukubali kuvishwa kilemba cha ukoka.

Shemeji yangu alikutana naye hivyohivyo, mwalimu wa darasa la pili mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, akampa mkaguzi kiti chenye mguu mbovu kwa kuwa ndicho kilichobaki, akaendelea kufundisha, na kaka akarudi nyumbani akisema amemwona mtu mkweli. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwezi Februari 2021 alishikwa na maumivu ya kifua, mshipa wa moyo ukazibuliwa na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha waya cha kuuzuia usisinyae, na daktari akawaeleza wote wawili kwamba mshipa huo huweza kuziba tena, kwamba damu ina alama zake, sukari, mafuta na dalili za kuvimba kwa ndani, zikipanda na hatari hupanda, basi awe anakuja kupimwa kila baada ya miezi minne. Majibu yalikuwa mazuri kila mara, shemeji akayabandika kwenye mlango wa friji, akalala usingizi wa pono, asijue kwamba mumewe huacha sigara na soda na kumeza dawa zake sawasawa wiki mbili tu kabla ya kipimo, kisha hurudia yaleyale. Mganga hajigangi.

Shemeji alishtuka alipomkuta amesimama katikati ya ngazi, ameinama anajifanya anafunga kamba, na viatu vyenyewe havina kamba, na kesho yake akamwambia wanakwenda sokoni, akamfikisha maabara. Alama zote zilikuwa juu. Kaka alicheka, akasema hatimaye naye amekaguliwa, halafu akalia kweli, akamweleza mkewe yote aliyokuwa akimficha, akamwomba radhi, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Daktari alikuta mshipa umeanza kuziba tena, akapanga kuuzibua Jumatatu, lakini Jumamosi tarehe 4 Mei 2024 moyo wake ulisimama akiwa mezani, anasubiri chai.

Haya yote shemeji mwenyewe ndiye aliyetaka yasomwe, kwa ajili yenu mnaoishi na stenti, mwende mkapimwe mkiwa jinsi mlivyo. Anajiuliza kwa nini hakumpeleka mapema, inatuuma, nasi tunamjibu mbele yenu kwamba hakuchelewa, alifichwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, na walimu aliowahi kuwatia hofu, mliokuja hata hivyo.

Kaka, chokaa imebanduka, tumekuona ulivyo na bado tunakupenda, pumzika kwa amani, leo hakuna anayekuja kukagua.