Majike wa Kwenye Gunia

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe tena! Waliokuwapo asubuhi ile ya Jumamosi nawataja wote: mimi, mdogo wangu Njeri, mwenye nyumba wetu Mzee Gathogo, jirani yetu Bi Halima mwenye duka, na watoto wa mbwa kumi na mmoja, wote majike. Ukungu nao ulikuwapo, mweupe kama maziwa, hata lango hatukuliona.

Tulipofiwa na wazazi niliacha shule nikamlea Njeri. Hapa kwetu Waithaka mtu hutaka mbwa dume wa kulinda boma. Majike hutiwa guniani, wakaachwa sokoni Kangemi. Ndugu zangu, magunia yale niliyasikia hata usingizini, yakilia polepole. Nikawa nayafungua na kuwaleta nyumbani. Niliwapikia utumbo na unga. Walilala wamelaliana, wakipumua kama tumbo moja, nami nikiwatazama nilihisi mama yangu akinivuta blanketi hadi shingoni.

Kisha nikakosea. Gunia jipya lilipofika, kwa huruma niliwachanganya wageni na wenyeji siku hiyo hiyo. Wakaanza kuhara damu. Sita wakafa! Harufu ikajaa ploti nzima ya wapangaji, na Mzee Gathogo akanipa hadi Jumamosi: mbwa watoke, au tutoke sote.

Moyoni nilijua aliyenishtaki. Bi Halima! Si yeye hukunja baibui lake akiona mbwa? Tangu Mzee aanze kuletewa malalamiko, miezi mitatu sasa, nilikuwa nikipita dukani kwake bila salamu. Hata chumvi niliifuata Dagoretti Corner.

Basi Jumamosi ikafika. Njeri aliniuliza, "Dada, sisi nasi tutatiwa gunia gani?" Nikapiga magoti palepale matopeni.

"Wee mama mbwa!" Mzee akaita. "Bado uko?"

Ndipo Bi Halima akatoka ukunguni na ndoo ya maji, kana kwamba hakanyagi chini.

"Mzee, mbwa mimi siwagusi, wajua. Lakini ule ua nyuma ya duka naulipia kodi, nao una ukuta. Wakae huko, wagonjwa mbali na wazima."

"Hata wewe, Halima? Na vile kulalamika kumekuwa kwingi!"

"Nimelalamika mimi?"

Mzee akacheka. "Hapana. Ni mtu wa kanisa la huyu huyu."

Ndugu zangu, simtaji. Nimemsamehe, aketi kwa amani hapo alipo.

Bwana ni mwema! Mzee alikubali, mbwa wakahamia ua ule, daktari wa mifugo akaja, wakapona wote kumi na mmoja, na saba wamepata kwao. Wewe unayesikia kilio njiani, mtumaini Mungu ulifungue gunia. Msaada wako huenda tayari uko kwa mtu usiyemsalimu.

Kila asubuhi Bi Halima huweka ndoo chini, akarudi nyuma hatua mbili, akanitakia heri. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilimpita miezi ile yote. Namshukuru kwa maji. Msamaha sijamwomba. Nimeyasema haya mbele yenu nyote, ndugu zangu. Mbele yake, bado.