Jioni Niliyorudi Kusoma Habari

Ndugu zangu, sifa ni za Mungu aliyenisimamisha mbele yenu asubuhi hii. Mmezoea kuniona nimekaa nyuma ya meza, nimepakwa poda, nawasomea habari za kwetu huku magharibi. Leo nimekuja na uso wangu mtupu, na ndio niliokuja kuusimulia.

Nilizaliwa Musanda, kwa wakulima wa miwa. Kituo chetu cha televisheni hapa mjini nilikiingia kama mbeba nyaya za kamera. Baadaye wakanipa hali ya hewa, kisha taarifa ya jioni. Nikaipenda kazi ile, jamani! Nikipita sokoni Khayega, akina mama wananiita, "Wewe wa TV, kuja uchukue ndizi!"

Asubuhi moja nikapiga mswaki, maji yakachuruzika upande mmoja wa mdomo. Nikatazama kioo. Jicho halifumbi, mdomo umevutwa kando. Daktari akasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso uliopooza. Ungepona polepole, na huenda usipone wote.

Nawaambia ukweli, nilijifungia nyumbani hapa Shirere. Hata muuza maziwa nilizungumza naye nimeziba mdomo kwa leso. Mama akaja kutoka Musanda, akawa ananinywesha uji kwa kijiko. Siku moja nikamwambia kazi yangu imekwisha. Akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, mdomo ndio umepinda. Maneno nayo yamepinda?"



Aliyenishikia kiti kazini, akisoma habari mahali pangu, ni dada mmoja aliyenitangulia pale kwa miaka mingi. Angeweza kunitumia salamu akaishia hapo. Yeye alikuja asubuhi baada ya asubuhi na gazeti. "Soma." Herufi za midomo, b na m, zikanishinda. Hebu fikirieni msomaji wa habari za kwetu asiyeweza kutamka Bungoma, Butere wala Mumias! Nililia. Hakunibembeleza. "Rudia Butere." Tulicheka pia, msidhani yalikuwa machozi tu.

Miezi ikapita. Jicho likafumba, mdomo ukarudi, ingawa si wote, mnaona wenyewe. Mkubwa wetu wa kituo akatuita ofisini, mimi na dada. Akasema kwa upole kwamba watazamaji watashtuka. Mimi niwe naandika habari tu, na dada apewe kiti moja kwa moja. Nilikuwa karibu kusema sawa.

Dada akanitangulia. "Bosi, mimi nimemshikia mwenzangu kiti, sijakirithi. Akishindwa, nitasoma. Lakini kwanza asome."

Ndugu zangu, kile kiti kila mtu pale alikitamani. Yeye alikuwa anapewa, akakataa! Mkubwa wetu akasema, "Haya. Asome."

Jioni hiyo dada alisimama kando ya kamera, nakala ya habari mkononi. Nilipofika Mumias, mdomo ukateleza. Nikamtazama. Hakusogea, aliitikia kwa kichwa tu: endelea. Nikawaambia watazamaji, "Samahani. Mdomo wangu uliugua, bado unapona. Habari ni hizi." Nikarudia Mumias, nikasoma mpaka mwisho.

Kesho yake mama mmoja akapiga simu kituoni. Mumewe alipatwa na kiharusi, na tangu hapo hakutaka kuonekana na watu. "Alimuona msomaji wenu jana," akasema. "Leo ameomba shati la kwenda kanisani." Mkubwa wetu ndiye aliyenipa ujumbe huo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu. Namshukuru mkubwa wetu, kwa kuwa kubadili neno lako mbele ya unaowaongoza si jambo dogo. Na dada ameniomba nisimtaje jina, nami nimetii, ingawa moyo wangu unataka kulipigia kelele.

Mwenzako akianguka ukaitwa kukaa mahali pake, kaa vizuri, kazi isilale. Akirudi, sogea umpishe. Na wewe unayengoja upone kabisa ndipo utoke nje, usingoje. Njoo hivyo hivyo. Tunakuhitaji.