Nanjala na Ubavu wa Fahali wa Kisaju

Marehemu Phylis Nanjala, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Kimilili, Bungoma, ingawa kitambulisho chake kinasema alizaliwa mosi Januari, kama kinavyosema cha wengi wa rika lake. Alisoma Kimilili, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, akasomea uchoraji wa vitambaa Nairobi, na Februari 1985 akaajiriwa na kiwanda kimoja cha Athi River, kazi yake ikiwa kuchora mawaridi, kwa maana meneja aliamini kwamba mwanamke wa Kenya havai kitu kisicho na waridi. Alifunga ndoa na Otiende tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa Beverlyne mwaka 1989 na Cindy mwaka 1992, na mwaka 1994 wakahamia hapa Kitengela.

Hapa ndipo alipochoshwa na mawaridi. Kila Jumapili baada ya kanisa alitoka na kamera, akapiga picha za magome ya migunga, za matope yaliyopasuka, za kuvu iliyoganda kwenye mawe ya Kona Baridi, hata Otiende akalalamika kwamba wanaume wengine wakitoka na wake zao hurudi na picha za wake, yeye hurudi na picha za mawe. Picha ilikuzwa, ikachorwa upya, ikapunguzwa hadi rangi tatu, kisha kingo zake zikaunganishwa ili irudie kitambaa kizima bila kuonekana pa kuanzia.

Mwaka 1998, karibu na Kisaju, alimwona fahali wa mzee Ledama ole Simel, wa kijivu, mwenye madoa mekundu kama matone ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Mama Soila, mke wa mzee, aliruhusu fahali apigwe picha, naye akaahidiwa nakala. Nanjala alipiga picha ya ubavu tu, na nakala akaisahau.

Kitambaa kilichochorwa kutokana na ubavu huo kilipendwa mno. Agosti 1999, kwenye harusi Kajiado, Ledama alikiona kwa akina mama wa kwaya, na kwa kuwa mfugaji humjua ng'ombe wake kwa madoa kama sisi tunavyomjua mtu kwa uso, hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda kulalamika, akazungushwa ofisi baada ya ofisi, moja ikisema fahali haumwi wala hajaibwa, nyingine ikiuliza kama ana leseni ya biashara. Mzee hakutaka fidia, alitaka Nanjala aje nyumbani, amsalimie, anywe maziwa, aonyeshwe fahali mzima kama mgeni yeyote mwenye adabu. Kiwanda kilimkataza, wakili wake akisema kwenda ni kukiri kosa, na Nanjala akasema ataenda mambo yakitulia.

Ukame wa mwaka 2000 ukamwua fahali. Mama Soila alikuja Kitengela kuchukua ile picha, ili mzee awe na kitu cha kutazama, akaigeuza mkononi mara kadhaa, kisha akauliza, "Na kichwa, Mama Beverlyne, kichwa kiko wapi?"

Nanjala hakuwa nacho. Aliiweka kamera kabatini, akarudi kwa mawaridi hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2004, na kila mwaka alisema ataenda Kisaju, safari ambayo kwa basi la Namanga mtu hamalizi pakiti ya njugu.

Juni 2007 alipatikana na saratani ya matiti. Julai 2008, alipokuwa hatoki tena kitandani, Ledama alikuja mwenyewe na kibuyu cha maziwa, akaketi, akasema, "Nilikungoja sana. Sasa chukua penseli, mimi nitasema, wewe uchore." Akamweleza paji, macho, pembe ya kushoto iliyoinama, naye akachora, na kabla ya pembe ya kulia nguvu zikamwishia. Mzee akasema si neno, atarudi Jumamosi wamalize. Alirudi Jumamosi hiyo, tarehe 2 Agosti, akatukuta tukipanga viti, Nanjala akiwa ametutoka alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kitengela, wafanyakazi wenzake wa zamani, na mzee Ledama, aliyeuchukua mchoro huo wenye pembe moja, akakataa tumtafutie mtu wa kuumalizia.

Nanjala wetu, pumzika sasa, na iwe kwa amani.