Dada Aliyeomba Miti Ikatwe

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi hii mimi mdogo wake wa kumfuatia, na naomba mnivumilie, kwa kuwa maisha ya dada yetu nayajua, ila kazi yake sijawahi kuielewa sawasawa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba fundi bomba, akasoma shule za hapahapa mjini, na mwaka 1985 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, lakini baba aliwaambia majirani kwamba bintiye amesomea mifupa, wakaanza kumletea magoti yao.

Mwaka 1986 aliajiriwa makumbusho kama mhifadhi, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na mwaka 1989 akafunga ndoa na shemeji yetu huyu, bwana miti, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009, shemeji alikuwa amekwisha kupanda misonobari kilima kizima cha juu ya mji, nasi tukimpongeza, ndipo marehemu alipochimba ubavuni mwa kilima, akakuta katika kila tabaka meno ya wanyama wa kale, marefu, yaliyolika kwa kutafuna nyasi, akasimama mbele ya baraza la mji akasema kilima kile tangu enzi na enzi ni cha nyasi, na ndege wake wanatoweka kwa sababu ya miti.

Nilichanganyikiwa, kwani mhifadhi anaombaje miti ikatwe, tena ya mumewe, na nilipomwuliza alinijibu taratibu, "Mdogo wangu, aliyeipanda nampenda, lakini kilima hakikuanza siku alipoipanda."

Shemeji alihamia chumba cha wageni, wakawa wanasalimiana kama wapangaji, kisha asubuhi moja ya mwaka 2011, bila kumwambia mtu, akapanda kilimani na msumeno, akaanza na mti wake wa kwanza.

Nyasi zilirudi, na ndege wengine wakarudi, wengine hadi leo hatujawaona.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua dada, na tarehe 14 mwezi huu akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa makumbusho.

Shemeji, kilichokupeleka kilimani asubuhi ile hujatuambia, nasi hatutakuuliza.

Dada, tangulia, upumzike kwa amani.